Wafanyakazi wenye walibaki nao wanaumia

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi ya misaada mashariki mwa Congo yamepunguza wafanyakazi. Mwaka 2024, karibu 70% ya pesa za misaada ya kiutu katika inchi yetu zilitoka huko. Mutu mwenye alipewa barua ya kusimamishwa, majirani wanamuhurumia. Mwenye alibaki, wanamuambia: uko na bahati. Lakini bahati hiyo ni nzito.

Kwanza, mutu anaenda lakini kazi yake inabaki. Penye walikuwa wanne, sasa wako wawili, na ripoti ni zile zile, wagonjwa kwenye kituo cha afya ni wale wale. Muuguzi mwenye kufanya zamu yake pamoja na ya mwenzake anachoka, na akichoka ni rahisi kukosea kipimo cha dawa. Njo maana jambo hili linamgusa hata mugonjwa.

Pili, kuna woga. Mutu anajiuliza kama mkataba wake utaongezwa. Anaficha ugonjwa, haombi konje, na akiona kitu kinaharibika ananyamaza.

Tatu, kuna haya. Akikutana sokoni na mwenzake wa jana, hajui aseme nini. Na nyumbani, ndugu wenye walipoteza kazi wanamtegemea kwa chakula na pesa ya masomo ya watoto.

Sheria ya kazi ya 2002 inasema nini? Kazi isipite masaa 45 kwa juma. Yenye kuzidi ni masaa ya kuongeza, na yanalipwa. Mwajiri akipunguza watu, aangalie ujuzi, miaka ya kazi na mzigo wa jamaa. Akificha namna alichagua, wenye kubaki wanaanza kushukiana: nani alitaja jina la nani?

Kwa hiyo kiongozi aite mkutano, aseme ukweli: pesa inafika mpaka mwezi gani, na ni kazi gani zinaachwa. Kugawa kazi za wenye walienda bila kuacha hata moja, ni kuwabebesha wenye kubaki deni lisilo lao.

Na mfanyakazi mwenye kulemewa aandike masaa yake kila siku, halafu ayapeleke kwa delege wa wafanyakazi. Karatasi yenye tarehe na masaa inasikilizwa kuliko malalamiko ya kwenye kolida.