Kengele iliyozaa jina la Kengeleni

Abiria wa Kisauni huliita jina Kengeleni kila siku, lakini ni wangapi huitazama kengele yenyewe? Mwaka 1875 wamishonari wa Kianglikana wa CMS walianzisha Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa. Huko Paraguay, tangu karne ya 17, Wajesuiti na Waguarani nao walijenga vijiji kuzunguka kanisa, wakikimbia wawinda watumwa. Huku kwetu kengele ililia kuwaonya wakazi hatari ilipokaribia. Mlio huo ulimaanisha: kimbia, usirudishwe utumwani. Wazazi, mkipita hapo leo na watoto, waonyesheni. Kengeleni si kituo cha matatu tu. Ni mahali ambapo watu walilindana ili wabaki huru.