Usinunue amplifaya kwa wati za kwenye katoni

PESA za miwa kutoka Soin zimeingia. Umechangisha na kaka yako, na sasa uko Kericho mjini unatafuta amplifaya ya kupeleka nyumbani. Muuzaji anakuonyesha katoni mbili. Moja imeandikwa wati 5,000 PMPO, nyingine wati 40 RMS, na bei ni karibu sawa. Utabeba gani?

Tulia kwanza. PMPO ni nguvu ya kufumba na kufumbua, na kila kampuni huipima inavyotaka. RMS ndiyo nguvu ambayo mashine inaweza kutoa mfululizo. Ukitaka kujua ukweli, geuza mashine nyuma usome inakula stima kiasi gani. Kama ni wati 80, haiwezi kukupa muziki wa wati 5,000. Itatoa wapi? Hata hizo 80, sehemu inapotea kama joto.

Na usibabaike na tofauti ndogo. Ukitoka wati 50 hadi 100, sauti inaongezeka desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara kumi. Kwa sebule ya kawaida, wati 30 za RMS kila upande zinatosha kabisa.

Kisha angalia spika. Nyuma ya amplifaya kuna alama ya omu (Ω). Ikisema 8 na wewe ufunge spika za omu 4, itapata moto na huenda ikaungua. Soin nako si baridi kama huku kwenye majani chai, kwa hivyo usiifungie kabatini wala kuifunika kitambaa. Iachie nafasi ipumue.

Nyumbani wanatumia sola? Uliza kama ina tundu la DC 12V, uiunge kwenye betri moja kwa moja. Na ukivutiwa na mtumba, soma volti. Mashine ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120. Stima yetu ni 240. Ukiichomeka hivyo hivyo bila transfoma, kwisha.

Mwisho, jaribu kwa masikio yako. Beba simu yenye wimbo unaoujua vizuri. Ucheze kwenye mashine zote mbili, spika zilezile, sauti iwe sawa, kwa sababu inayopiga juu zaidi huonekana bora hata kama si bora. Simamisha wimbo usikie kama inavuma. Halafu pandisha sauti polepole: inayoanza kukwaruza mapema, iache dukani.

Ukishachagua, mwambie muuzaji aandike wati za RMS na muda wa waranti kwenye risiti. Akikataa, vuka barabara uingie duka lingine.