Arudipo Mtu Kutoka Gerezani

Leo twawaomba mfikiri pamoja nasi habari ya mtu arudiye nyumbani kutoka gerezani. Tumwaze mtu mmoja wa Kamachumu, katika wilaya ya Muleba, aliyeiba kahawa ya jirani yake, akahukumiwa, akafungwa, akamaliza siku zake. Sasa alima kibanja chake, wala hagombani na mtu. Siku moja aomba kazi ya ulinzi mjini Bukoba, naye aambiwa alete hati ya tabia njema ya polisi. Hapo moyo wake wavunjika, kwa kuwa ajua jina lake limeandikwa.

Wengi husema, "Amekwisha kulipa, basi hukumu imefutika." Sivyo. Kumaliza kifungo ni kumaliza adhabu. Maandishi ya mahakama yabaki. Huko Uingereza iko sheria ya mwaka 1974 ambayo kwayo makosa mengi huhesabiwa kuwa yamepita, mtu akikaa muda uliowekwa bila kukosa tena. Kwetu kukaa vema peke yake hakufuti hukumu. Iko milango miwili.

Wa kwanza ni rufani. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo hukatiwa rufani katika Mahakama ya Wilaya kabla ya siku 30 kupita. Hukumu ya kesi iliyoanzia Mahakama ya Wilaya hupelekwa Mahakama Kuu, nayo ipo Bukoba. Yapasa kutoa taarifa katika siku 10, na kuleta rufani yenyewe katika siku 45. Aliyechelewa aweza kuomba aongezewe muda, lakini sharti aonyeshe sababu ya kweli. Mahakama ikitengua hukumu, mtu huyo si mkosaji tena. Lakini mlango huu ni wa aliyehukumiwa isivyo haki. Aliyeiba kweli asiuendee kwa uongo.

Wa pili ni msamaha wa Rais, kwa ibara ya 45 ya Katiba. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli aliwasamehe wanamuziki Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa wamefungwa maisha. Msamaha uliwafungulia gereza. Haukusema kwamba mahakama ilikosea.

Maskini atauliza, "Nani atanisaidia?" Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 yaweka msaada wa bure kwa asiye na uwezo, tena yawatambua wasaidizi wa kisheria. Hao si mawakili. Hueleza sheria na kumwonyesha mtu mahali pa kwenda. Na aulize katika ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani. Yeyote atakaye fedha ili "afute jina polisi" ni mdanganyifu.

Walimu, wafundisheni watu hesabu ya siku hizo, na kila nyumba itunze nakala ya hukumu yake.

Lakini yule wa Kamachumu aliiba kweli. Afanyeje? Na amwambie mwajiri kweli yote, nasi majirani tumshuhudie mwenendo wake wa sasa. Maana iko hukumu nyingine isiyotenguliwa na hakimu yeyote, ile ya vinywa vyetu. Watoto wake wakiitwa "watoto wa mwizi" kisimani na shuleni, je, ni nani aliyewafunga? Sisi wenyewe tumewahi kumpita mtu wa namna hii njiani bila kumwamkia, na twaona haya. Basi tuanze hapo: tumwamkie kwa jina lake.