Mifupa Imara Huhitaji Mazoezi, Si Kitanda

Katika maboma mengi ya Ainabkoi, kuanzia Kapsoya hadi Kaptagat na Burnt Forest, wazee huheshimiwa kwa kuondolewa kazi. Kogo au shosho akishapita umri wa miaka 70, wajukuu humchotea maji, humkamulia ng'ombe na kumwekea kiti karibu na moto. Nia ni njema, lakini mzee anayeketi kutwa nzima hupoteza nguvu za misuli, na mifupa yake huendelea kuwa myepesi. Siku atakapoteleza kwenye matope akielekea chooni, huenda akavunjika nyonga kwa kuanguka kudogo tu.

Wataalamu wa afya wanahimiza familia zibadilishe mtazamo huu. Mazoezi yanayofaa, na fiziotherapia pale inapohitajika, ni sehemu ya kuwatunza wazee, sawa na chakula na dawa.

Mfupa ni kiungo hai

Watu wengi huuchukulia mfupa kama nguzo ya ua, kwamba ukishasimama basi. Ukweli ni kuwa mfupa una damu na seli, na hujengwa upya maisha yote. Kuna seli zinazobomoa mfupa mkuukuu na nyingine zinazojenga mpya mahali pake.

Kwa watoto na vijana, ujenzi hushinda ubomoaji, na mifupa hufikia kilele cha uimara wake mtu anapokaribia umri wa miaka 30. Baadaye ubomoaji huanza kushinda polepole. Kwa wanawake hali hii huenda kasi baada ya hedhi kukoma, kwa sababu homoni ya estrojeni inayolinda mifupa hupungua. Katika miaka mitano hadi saba ya kwanza, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake.

Mifupa ikidhoofika kupita kiasi, ugonjwa huo huitwa osteoporosisi. Hauna homa wala uvimbe, na wengi huugundua baada ya kuvunjika nyonga, kifundo cha mkono au pingili za uti wa mgongo. Mzee anayepungua kimo au kupinda mgongo anafaa kuchunguzwa, kwani huenda pingili zake zimebonyea.

Mzigo ndio huamsha ujenzi

Seli za ujenzi huamshwa na uzito na msukumo. Mwaka 1892, daktari Mjerumani Julius Wolff alieleza kwamba mfupa hujirekebisha kulingana na mzigo unaoubeba. Ndiyo maana mifupa ya mkono ambao mchezaji wa tenisi hupigia mpira huwa minene kuliko ya mkono wa pili. Kinyume chake huonekana kwa wanaanga, ambao wakiwa angani miili yao haibebi uzito. Mifupa yao ya nyonga hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 kila mwezi. Mifupa ya mgonjwa anayelala kitandani kwa wiki nyingi hudhoofika pia kwa kukosa mzigo.

Mazoezi yanayosaidia mifupa ni ya aina tatu. Kwanza ni yale ya kubeba uzito wa mwili kwa miguu, kama kutembea kwa haraka, kupanda mlima, kucheza ngoma na kuruka kamba kwa vijana. Pili ni ya kuongeza nguvu za misuli, kwa mfano kuinua vitu vizito kiasi, kwa sababu msuli unapovuta mfupa huuamsha. Tatu ni ya usawa wa mwili, ambayo huzuia kuanguka. Kuendesha baiskeli ni kuzuri kwa moyo, lakini hakuipi mifupa msukumo mwingi.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na ya kuongeza nguvu angalau siku mbili. Wenye umri wa miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya usawa na nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Watoto wanahitaji dakika 60 kila siku, kwa hivyo mchezo shuleni na safari ya miguu si kupoteza wakati.

Je, kazi ya shamba haitoshi? Kulima, kupanda na kubeba mavuno hujenga mifupa, na mkulima ana faida kuliko mtu wa kuketi ofisini. Hata hivyo, kazi hiyo hufuata msimu. Mahindi au viazi vikishavunwa, wengine huketi kwa wiki nyingi. Pia kuinama na jembe kwa saa nyingi huchosha mgongo bila kumpa mtu usawa wa kusimama imara. Matembezi ya kila siku na mazoezi machache ya nyumbani hujaza pengo hilo.

Funzo kutoka kwa wanariadha

Kaptagat inajulikana duniani kwa kambi za wanariadha, akiwemo Eliud Kipchoge, ambaye mwaka 2019 mjini Vienna alikimbia kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wakimbiaji hawaongezi kilomita kwa pupa. Wana siku ngumu na siku nyepesi, ili mwili upate muda wa kujijenga.

Kijana anayeanza kukimbia na kuongeza mwendo ghafla, au anayekula kidogo kuliko anavyotumia, anaweza kupata ufa mdogo kwenye mfupa wa muundi au wa wayo. Maumivu ya mahali pamoja yanayozidi kila anapokimbia ni sababu ya kusimama na kumwona daktari. Msichana mwanariadha ambaye hedhi yake imekatika pia atafute ushauri, kwani mifupa yake inaweza kuwa inapoteza kinga.

Kazi ya fiziotherapia

Baadhi ya watu hudhani fiziotherapia ni kukandwa tu. Mtaalamu huyu hupima nguvu, usawa na mwendo wa viungo, kisha humpangia mgonjwa mazoezi yanayoongezwa hatua kwa hatua. Humfundisha pia kutumia magongo na kuinuka salama.

Huduma hii ni muhimu zaidi baada ya mfupa kuvunjika. Plasta inapoondolewa, kiungo huwa kimekakamaa na misuli imepungua. Anayeacha kwenda kliniki kwa kuwa maumivu yameisha anaweza kubaki na mkono usionyooka au mguu unaochechemea. Mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga kwa kawaida husaidiwa kusimama mapema, mara nyingi kesho yake, iwapo daktari ameruhusu. Kulala muda mrefu huleta vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda miguuni.

Wataalamu wa fiziotherapia nchini husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2014. Mkazi ana haki ya kuuliza leseni kabla ya kutibiwa. Mfupa unaoshukiwa kuvunjika usikandwe wala kuvutwa nyumbani. Mgonjwa apelekwe hospitali.

Mazoezi ya nyumbani kwa wazee

• Kuketi kwenye kiti imara na kusimama mara 10, bila kujisukuma kwa mikono ikiwezekana.
• Kushika meza na kuinuka kwa vidole vya miguu mara 10.
• Kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10 huku mtu akiwa karibu.
• Kutembea dakika 30 kwa siku, hata kwa vipindi vya dakika 10.

Mzee aachiwe kazi nyepesi anazoziweza, kama kulisha kuku au kuchuma mboga. Njia ya kwenda chooni iwekwe changarawe, tochi iwe karibu na kitanda, na viatu viwe visivyoteleza. Aliyewahi kuvunjika mfupa, mwenye kizunguzungu au ugonjwa wa moyo aanze baada ya kuonana na mhudumu wa afya. Mwenye osteoporosisi ya mgongo asiiname wala kujipinda kwa nguvu.

Mazoezi huhitaji chakula cha kujenga. Kalisiamu hupatikana kwenye maziwa, mursik, omena na sukuma wiki, na protini kwenye maharagwe, mayai na nyama. Jua husaidia mwili kutengeneza vitamini D. Sigara na pombe nyingi hudhoofisha mifupa.

Pa kupata usaidizi

Mkazi anaweza kuanzia kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake au kwenye zahanati iliyo karibu, ambako ataelekezwa kwenye hospitali yenye kitengo cha fiziotherapia. Wenye matatizo makubwa zaidi hupewa rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi jijini Eldoret. Kila familia inahimizwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) mapema, kabla ya dharura. Mzee aliyeanguka hata mara moja mwaka huu apelekwe kupimwa, ingawa hakuumia.