Piga Hodi Kwanza

Mama mpendwa, je, unaweza kuingia nyumbani kwa mtu bila kupiga hodi? Muuguzi mwenzetu mmoja alikaa nyumbani miaka 6 akilea watoto. Alipotaka kurudi kazini alijiunga na LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi ulioanza mwaka 2003, akatuma maombi 40 ya kuunganishwa, yote bila neno hata moja. Wengi hawakumjibu. Akadhani wakati wake umepita.

Tulikaa naye, tukamshauri aambatanishe ujumbe mfupi. Nafasi ni finyu, haizidi herufi 300, na asiyelipia hupewa ujumbe wa namna hiyo mara chache tu kwa mwezi. Kwa hiyo achague watu. Jitambulishe, taja mlipokutana, na useme unachotaka kujifunza. Usiombe kazi siku ya kwanza.

Aliandika: "Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi. Nilikusikiliza kwenye semina ya watoto njiti, nikaguswa. Ningependa kujifunza zaidi kwako."

Dada yule alijibu jioni ileile. Kazi bado, lakini sasa mwenzetu anaye wa kumshika mkono. Nasi tusione haya kupiga hodi.