Msumeno wa Umeme au Shoka na Kisu: Kipi Kinafaa Buchani?



Wenye mabucha sokoni wanatuuliza: tuchange pesa tununue msumeno wa umeme, au tuendelee na vifaa vya mkono? Kabla ya kutoa pesa, jiulizeni maswali mawili. Je, tutaweza kukisafisha kifaa hicho kila siku? Je, tutaweza kukitumia bila kujikata?

Shoka na gogo
Shoka ni rahisi kupatikana, lakini huvunja mfupa na kuacha vipande vyenye ncha kali. Vipande hivyo vinaweza kumkwama mtoto kooni. Gogo nalo hupata nyufa. Damu huingia humo, na vijidudu vya kuhara huzaliana. Gogo lililopasuka lisitumike tena.

Msumeno wa umeme
Hukata haraka na vipande hulingana. Lakini unga wa mifupa na mafuta huingia ndani ya mashine, kwa hiyo ni lazima ifunguliwe na kuoshwa kila siku. Ichomoe kwenye umeme kwanza! Ajali yake ni kubwa: inaweza kukata vidole mara moja. Usivae glavu za kitambaa wala mikono mirefu iliyolegea, kwani hunaswa. Jenereta ikae nje, mbali na mlango na madirisha, maana moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua.

Kisu na msumeno wa mkono
Kwa bucha inayouza mbuzi mmoja au wawili kwa siku, hivi vinatosha. Kisu hukata nyama na viungio, msumeno hukata mfupa bila kuuvunja. Bei yake ni ndogo na huoshwa kwa ndoo ya maji. Noa kisu mara kwa mara: kisu butu hulazimisha mkono kusukuma kwa nguvu, kisha huteleza.

Usafi wa kila siku
1. Osha vifaa na meza kwa maji safi na sabuni.
2. Chovya visu katika maji yanayochemka.
3. Uwe na visu viwili: kimoja kikitumika, kingine kiwe kwenye maji ya moto.
4. Kisu cha matumbo kisikate nyama.

Ukijikata
Osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha libane kwa kitambaa safi. Damu ikiwa nyingi, anza kwa kubana. Nenda kliniki siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kumbukeni: hakuna kifaa kinachosafisha nyama ya mnyama mgonjwa. Mnyama aliyekufa mwenyewe asichunwe wala asiliwe. Huenda ana kimeta. Toeni taarifa kwa mkaguzi wa nyama. Nawe mnunuzi, kabla ya kuuliza bei, tazama kwanza meza na kisu.