Dawa Kabla ya Masika

Aliyefika Ifakara wakati wa kiangazi, akaliona bonde la Kilombero limetulia baina ya milima ya Udzungwa na vilima vya Mahenge, huona shida kusadiki kwamba ardhi hiyo hiyo, masika yakishika, hufunikwa na maji, na Mto Lumemo ukaingia majumbani bila ya kubisha hodi. Maji hayo huchafua visima na kuzalisha mbu. Basi kipindupindu na malaria hunyemelea katika majuma yale yale ambayo njia za kuletea dawa zimekatika.

Katika miaka ya 1980 zahanati zililetewa masanduku ya dawa yaliyofungwa, yote sawasawa, mahali pawe na maradhi tele au akali. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, hupeleka kile kilichoagizwa. Utaratibu ulio bora bila shaka, maadamu mwagizaji anahesabu mapema. Tuseme mganga mfawidhi hutumia pakiti 90 za ORS, yaani chumvi za kurudisha maji mwilini, kwa mwezi, mzigo huja kila baada ya miezi miwili, na barabara yaweza kufungika mwezi mzima: huyo akiingia masika na pungufu ya pakiti 270, amejitia katika bahati nasibu. Hesabu hiyo haitaki elimu kubwa. Yataka kadi ya stoo iliyojazwa kila siku, masanduku yaliyopandishwa juu ya chaga mbali na unyevu, na dawa inayokaribia kuisha muda itangulie kutoka. Kila pakiti ya ORS nayo yadai lita moja ya maji salama, kwa hiyo dawa ya kutibu maji ni sehemu ya akiba, ingawa wengi huisahau.

Wasahaulifu hao, kwa maoni yangu, humsahau pia muuzaji wa duka la dawa muhimu, la mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003. Aghalabu wakulima wa mpunga huhama na watoto wao wakaishi vibandani shambani miezi kadhaa. Homa ikimshika mtoto usiku, pa kukimbilia ni dukani, si hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyoko mjini. Muuzaji huyo asipokaa katika kikao cha maandalizi ya masika, atajuaje kuweka dawa mseto ya malaria ya kutosha? Daraja la Kilombero, lenye mita 384, limetuondolea adha ya pantoni, nasi twashukuru. Walakini lami yake haifiki kule shambani, ambako sanduku la dawa hubebwa kwa baiskeli, na maji yakizidi, kwa mtumbwi.